Tawi la Kurudisha Hospitali

Mwezi uliopita nilisimama kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara, si mbali na ninapokaa hapa Mwanza. Nilitaka miche ya nyanya tu, ya kupanda kwenye ndoo chakavu nyuma ya nyumba. Alipokuwa ananichagulia yenye afya akasema, "Dada, hebu nusa na hili," akanisogezea kiriba cha nailoni chenye mmea uliozungushwa kwenye kijiti. Majani yake yalikuwa mazito, ya kijani iliyokolea, yanang'aa kama yamefutwa kwa mafuta ya kupikia. Katikati kulikuwa na kishada cha maua meupe, kila ua na shingo ndefu na ncha tano. Sikuhitaji kuinama. Harufu ilinifikia nikiwa nimesimama, nikamshika muuzaji bega nisianguke.

Yule mama akapindua ndoo nikae. Akaniangalia tumboni, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wa ngapi huyu?"

"Sina mimba, mama. Ni hiyo harufu tu."

"Wenye mimba ndio husema hivyo hivyo," akasema, lakini akaliondoa ua, akaliweka mbali, nyuma ya michungwa. Nilikaa pale mpaka pumzi iliporudi. Nilipofika nyumbani niligundua kuwa nyanya zangu nimezisahau.

Harufu ile ni ya ukuta wa mbele wa nyumba yetu kijijini Kituntu, upande wa dirisha la chumba cha wazazi wangu. Nilipokuwa chuoni, wenzangu wa Pwani waliniambia nikiwaelezea kwamba hilo litakuwa asumini, lakini asumini waliyonionyesha ilikuwa na majani membamba na ua dogo. Kwetu mmea ule haukuwa na jina. Baba aliuita ua la Mama Koku, kwa sababu mimi ndiye Koku, na Mama ndiye aliyeupanda. Bibi, mama yake Baba, aliuita ua la hospitali. Mimi nilishika jina la Bibi, na ndipo mambo yote yalipoanzia.

Uliingia nyumbani ukiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilikuwa bado sijaanza shule. Mama alikuwa ameondoka na tumbo kubwa, ameketi nyuma ya pikipiki ya Baba huku kitenge kimemfunika magoti, na mimi nimeambiwa anakwenda hospitali kuniletea mdogo wangu. Alirudi tumbo halipo. Mikononi alikuwa amekumbatia kopo, na ndani ya kopo kulikuwa na kijiti chenye majani mawili.

"Mtoto yuko wapi?" nikamwuliza.

Mama alinipita akaingia ndani. Bibi, ambaye alikuwa amekuja kutoka kwake Kibingo kutusaidia, akanishika bega. "Usiulize, Koku," akasema. "Nenda ukatafute mayai."

Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo, kwa hiyo nilijieleza mwenyewe. Kwetu jirani akikuletea sahani ya kitu hurudishi sahani tupu. Utaweka maharage, au parachichi, au ukikosa kabisa utaweka chumvi kidogo. Nikaona ndivyo ilivyokuwa baina ya Mama na hospitali. Mama aliwapelekea mtoto, nao, kwa kuwa ni watu wenye adabu, hawakutaka arudi mikono mitupu. Wakampa mmea. Niliona wametupunja, lakini sikuwa na wa kumwambia.

Mama aliupenda mmea ule kwa namna iliyonipa wivu. Aliuchimbia shimo karibu na ukuta, akatia samadi ya ng'ombe na udongo mweusi wa kibanjani kwetu, kwenye migomba, akauwekea majani makavu ya migomba shinani. "Huu kichwa chake kinataka jua," aliniambia, "lakini miguu yake inataka kivuli." Alisimamisha fito, akazifunga kwa kamba za migomba, na kila shina changa liliponyoosha mkono wake hewani alilishika taratibu na kulionyesha pa kupita. Ukilikata tawi, lilitoa maziwa meupe yanayonata vidoleni mpaka uyasugue kwa majivu. Alinifundisha hata kutoa miche yake: usikate ovyo, kata chini kidogo ya kifundo, chovya jeraha kwenye majivu, panda kwenye kopo la mchanga na udongo, funika kwa mfuko wa nailoni ili likeshe na jasho lake. Alikuwa na subira na mmea ule kuliko aliyokuwa nayo kwangu nikijifunza kuandika.

Mwanzoni haukutoa kitu. Halafu, masika ya pili, ulichanua, na jioni harufu ikawa inaingia kila chumba, tamu na nzito, inakaa hata kwenye shuka. Wageni waliisifu. Bibi alipokuja kututembelea alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Hili litawaitia nyoka," akasema.

"Mama, hakuna nyoka aliyewahi kuonekana," Mama akamjibu kwa upole.

"Ataonekana. Kitu cha hospitali hakiletwi penye watoto." Akaenda jikoni, akarudi na beleshi la majivu, akayazungushia shinani. Mama hakubishana naye. Alingoja Bibi arudi Kibingo, kisha akayafagia.

Nilipokuwa darasa la pili tumbo la Mama lilianza tena kukua. Ninyi wa rika langu mnajua tulivyolelewa: mtoto haambiwi habari ya mimba, anaiona tu na kunyamaza nayo. Mimi nilinyamaza, lakini ndani yangu hapakutulia. Mwaka ule ua lilichanua kuliko wakati wowote, likapanda likavuka dirisha, likashika ukingo wa bati. Niliona tumbo linakua na mmea unakua, na nikajua hospitali itakuwa imekumbuka sahani yake. Nikawa napita dirishani pale nimeziba pumzi. Usiku nililala nimejifunika kichwa ili harufu isinifikie.

Miguu ya Mama ilivimba mpaka viatu vikamkataa. Mchana alilala, yeye ambaye sikuwahi kumwona amelala mchana. Wanawake waliokuja kuteka maji kwenye bomba la jirani walimwangalia, wakaangaliana. Kilichonitisha kuliko vyote ni Baba. Baba alianza kuosha vyombo. Alikuwa mtu wa shamba, wa kahawa na migomba, na sikuwa nimewahi kumwona ameshika sufuria. Sasa aliosha, akasonga, akaniuliza kama nimeshiba. Nilikula chote ili asiniulize tena.

Siku moja walitoka kliniki wakarudi wanafungasha. Mama akaniita chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, mfuko wake uko miguuni.

"Wamesema nikakae kule kule, karibu nao, mpaka siku ifike," akaniambia. "Bibi anakuja. Umsikilize."

"Utakaa sana?"

"Sijui, mwanangu. Unimwagilie ua langu. Usiliache likauke."

Alisema hivyo, nadhani, ili kunipa kazi ya kushughulisha mikono. Mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba kitu cha hospitali kisiharibike tukiwa nacho, vinginevyo watamdai yeye. Nilikimwagilia asubuhi na jioni mpaka udongo ukawa tope, na Bibi akanikataza.

Bibi alilifunga lile dirisha na hakulifungua tena. Tulikula ndizi na maharage, tukasali, tukalala. Baba alikuwa anakwenda na kurudi. Ninyi mliokua wakati simu ya nyumba ilikuwa moja, na mtandao ni wa kupanda kilimani kuutafuta, mtanielewa: kila aliporudi alikwenda kwanza kwenye kichuguu kilichoko juu ya kibanja chetu, akasimama juu yake, akampigia kaka yake Kibingo kumpa habari. Alizungumza kwa sauti kubwa, kama watu wote wa wakati ule walivyozungumza na simu.

Jioni moja nilimfuata. Nilijibanza kwenye mibuni, chini yake kidogo. Niliweza kusikia upande wake tu.

"Hapana, hawajamwachia," alikuwa akisema. "Nimewaomba. Wamesema hawawezi kumwachia kwa sasa... Ndiyo, wote wawili... Wanasema mmoja amechoka. Amechoka, nasema... Basi tuombe tu, kaka. Mimi sina la kufanya tena."

Aliposhuka alipita karibu yangu bila kuniona, na nilimwona anajifuta uso kwa kofia yake.

Hawawezi kumwachia. Wote wawili. Nilielewa kwamba ni Mama na mtoto aliye tumboni, kwamba hospitali imewashika wote, na kwamba Baba ameomba mpaka amechoka, maana mmoja amechoka na ndiye huyu anayejifuta uso. Usiku ule nilitafakari kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwenye mtihani wowote. Tulichukua kitu chao. Hatukuwahi kurudisha sahani. Bibi alikuwa amesema siku zote kwamba kitu kile si cha kukaa nacho. Basi kirudi.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa ameondoka kabla sijaamka, na hilo halikuwa kawaida yake siku ya kwanza baada ya kurudi. Bibi alikunywa chai, akachukua panga, akateremka kibanjani kukata ndizi. Nilipoona kichwa chake kimepotea kati ya migomba nilikwenda ukutani.

Nilitaka kuung'oa wote. Niliushika shinani nikauvuta, haukutikisika. Halafu nikakumbuka maneno ya Mama, usiliache likauke, na nikabaki nimesimama pale katikati ya amri mbili. Mwishowe nikakata tawi. Nilichagua lenye maua mengi, ili waone kwamba tulilitunza. Nilikata chini ya kifundo, nikachovya kwenye majivu, nikapanda kwenye kopo, nikamwagilia. Nikaingia ndani nikavaa sare ya shule na viatu, kwa sababu hospitali ni mahali pa serikali na sikutaka wanione mchafu. Mikono ilikuwa inanata kwa yale maziwa hata baada ya kunawa.

Njia ya kwenda mjini niliifahamu kwa kuelekezwa tu: unatoka kwetu, unafika barabara kubwa, unaifuata. Sikujua kwamba ni mbali kiasi kile. Malori ya ndizi yalinipita yakaniachia vumbi. Nililifunika kopo kwa upindo wa sketi. Kila nilipopanda kilima nilitarajia kuona mapaa ya mji, na kila mara niliona kilima kingine. Maua yalianza kulegea. Nikaanza kutembea haraka, halafu kukimbia, halafu nikasimama kwa sababu maji yalikuwa yanamwagika kwenye kopo, na nikaanza kuogopa kwamba nitafika na kitu kilichokufa.

Hapo ndipo nilipokutana na mama wa maziwa. Alikuwa wa zile familia za wafugaji wanaokaa upande wa pili, kwenye nyika, na kila asubuhi alipita na dumu lake la njano kuuza maziwa majumbani. Alikuwa anarudi, dumu liko kichwani, linaonekana jepesi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si binti wa Ta Eliya?" Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Leo Jumamosi, waitu mwanangu. Sare ya nini?"

"Nakwenda hospitali."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nawarudishia ua lao."

Akalitua dumu. Akaangalia kopo, akaangalia barabara nilikokuwa naelekea. "Kwa nini unawarudishia?"

"Ili wamwachie Mama."

Hakucheka. Nimekutana na watu wazima wengi tangu wakati ule, na wachache ningewaamini kutocheka. Akasema tu, "Hilo kopo linaonekana zito. Tukae kidogo."

"Nitachelewa."

"Hospitali haihami. Njoo."

Tulikaa kwenye ukingo wa barabara, chini ya mkaratusi. Akanimiminia maziwa yaliyobakia kwenye kifuniko cha dumu, nikanywa. Akanishika mkono, na kila nilipotaka kusimama aliniuliza jambo: mwalimu wangu ni nani, nimekuwa wa ngapi, kwetu tuna kuku wangapi. Hakuniachia mkono hata mara moja. Nilidhani amenipenda. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba alikuwa amemkuta Baba njia panda alfajiri, akitafuta pikapu ya kukodi, na Baba, aliyefikiwa na habari usiku, alikuwa amemweleza yote. Alikuwa ananizuia nisipishane nao njiani.

Pikapu ilitokea ikija taratibu mno. Mama wa maziwa akasimama katikati ya barabara na kuinua mkono. Mbele, kando ya dereva, alikuwa Mama. Nilimtambua kwa kitenge kabla ya kuuona uso, maana uso ulikuwa umevimba na macho yamekuwa madogo. Kifuani amekumbatia kifurushi, na kutoka kwenye kifurushi kilitokeza kikofia chekundu.

"Koku?" akasema. "Koku, umefikaje huku? Sweta yako iko wapi?"

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, nikaruka ruka pale barabarani na kopo langu, nikazunguka lile gari. Wamemwachia. Wamemwachia na mtoto, na mimi hata sijafika. Nikamshika mama wa maziwa kwenye nguo, nikamwambia, "Umeona? Wamewaachia," na yeye akaitikia, "Nimeona, mwanangu, nimeona," huku anatazama pembeni. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na furaha barabarani pale. Nililiona hilo, lakini nikadhani wengine wamechoka na safari.

Baba alikuwa nyuma, ameketi sakafuni mwa pikapu. Akaninyooshea mkono, akanivuta juu. Mbele yake kulikuwa na kijisanduku kilichofunikwa kwa shuka jeupe. Gari lilipoanza kwenda lilirukaruka kwenye mashimo, nami sikuwa na pa kuweka kopo langu, basi nikaliweka juu ya kile kijisanduku. Baba alilitazama. Kisha akaliinua, taratibu sana, akaliweka mapajani mwake mwenyewe, na mkono wake mwingine akaurudisha juu ya shuka.

"Ni nini hicho, Baba?"

"Kaa vizuri usije ukaanguka," akasema.

Nilijua tulipofika. Bibi alikuwa uani na wanawake wa jirani, wamewasha moto mkubwa, na gari liliposimama waliinua sauti wote kwa pamoja. Baba akashuka na kijisanduku. Katika vilio vile nikasikia neno pacha, likarudiwa, mpaka likaniingia. Walikuwa wawili. Wote wawili maana yake walikuwa hao, na mmoja aliyechoka alikuwa huyu.

Nikafanya hesabu yangu. Walikuwa wawili, na hospitali imetoa mmoja. Mimi nilikuwa nimebeba tawi tu, shina nimeliacha ukutani. Na tena nilikaa chini ya mkaratusi nikanywa maziwa wakati wao wako njiani. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya nikiwa na sare yangu na vumbi langu, na kwa mtoto wa umri ule haikuwa na kosa lolote.

Tulimzika mchana uleule, chini kibanjani. Mwinjilisti aliomba kwa kifupi. Kabla hawajateremka nilimwona Bibi anakwenda kwenye ukuta wa mbele. Alisimama mbele ya ule mmea aliokuwa akiulaani tangu siku ya kwanza, akaanza kuyachuma maua yake, yote, mpaka aliyoyafikia kwa kupanda juu ya kigoda. Akayaweka kwenye ungo. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa maziwa yake. Nilimkimbilia nimejawa na hofu.

"Bibi, hayo ni ya hospitali."

"Leo ni ya mjukuu wangu," akasema, na akanipita.

Aliyebaki aliitwa Kato. Kwetu ni jina la pacha wa pili kuzaliwa, kwa hiyo kila anayelisikia anajua kulikuwa na aliyemtangulia, na hakuna haja ya kueleza. Nasi hatukueleza. Kato alikuwa mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, na kwa muda mrefu nyumba yetu iliishi kwa kumsikiliza anavyopumua. Mimi nilikuwa mlinzi mkali kuliko wote. Akipata homa sikwenda shule. Nilijifanya naumwa tumbo. Akikohoa nilikwenda kumwekea kidole puani. Nilikuwa na uhakika kwamba waliotoa nusu wanaweza kuja kuchukua na hiyo nusu, na kwamba wakija watakuja kwa sababu yangu. Kopo langu lile sijui nani alilitupa. Mmea wenyewe ulikatwa na fundi tulipojenga upya ukuta, nami nikiwa sekondari, na niliporudi likizo nikakuta haupo nilishukuru kimoyomoyo. Lakini hofu haikukatwa nao. Nilikwenda nayo chuoni, nikaja nayo Mwanza. Kato akichelewa kupokea simu, hadi leo napiga tena na tena mpaka apokee.

Baada ya kile kisa cha muuza miche niliomba ruhusa kazini nikaenda nyumbani. Nilimkuta Mama nje ya jiko, anamenya ndizi. Nilichukua kisu nikakaa kando yake, na kabla sijapoteza ujasiri nikamweleza yote: sahani isiyorudi tupu, kichuguu, sare, tawi badala ya shina, maziwa chini ya mkaratusi. Nilieleza nikiangalia ndizi. Nilipomaliza, kisu chake kilikuwa kimesimama.

"Lile ua niliomba mwenyewe," akasema. "Lilikuwa dirishani kwenye wodi. Niliwaambia manesi linanituliza, mmoja akanikatia. Basi."

"Najua sasa, Mama."

"Umekaa na hilo muda wote huu?"

Akamenya ndizi moja, akaitupa kwenye maji. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nilidhani ni ndoo."

"Ndoo gani?"

"Siku moja kabla ya ile kliniki bomba lilikuwa limekatika, Baba yako yuko shamba. Nikateremka kisimani mwenyewe na ndoo kubwa. Niliibeba mpaka hapa bila kupumzika, na usiku wake ndipo maumivu yakaanza. Daktari alisema haihusiani. Sikumwamini. Baba yako alidhani ni yale mashimo ya barabarani, kwa vile alinipeleka kwa pikipiki. Unafikiri aliiuza kwa nini? Na Bibi yako, Mungu amrehemu, aliwahi kuniambia kwamba alituonya juu ya lile ua kwa ukali mno, akadhani maneno yake ndiyo yaliyoleta mkosi."

"Na hakuna aliyemwambia mwenzake?"

"Nani angeanza?"

Tulikuwa hapo, visu mikononi, Kato alipoingia uani. Sasa ni mrefu kuliko Baba, anainama kupita mlango wa jikoni. Akatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine. "Kuna nini?" akauliza.

Mama akanitazama, kisha akamwambia, "Tunamzungumzia mwenzako."

Kato akavua kofia. Alikaa nayo mikononi muda kidogo. "Mimi sijawahi kuonyeshwa alipo," akasema. "Nilikuwa naogopa kuuliza, nisije nikakuumiza."

Hata mimi nisingeweza kumwonyesha. Migomba huhama, mzazi anakatwa na mtoto anachipua pembeni, na kibanja nilichokijua utotoni kilikuwa kimejipanga upya mara nyingi. Mama akanawa mikono, akaifuta kwenye kitenge, akanyanyuka. Alitutangulia kwenda chini kibanjani, akipita kati ya mashina bila kusita, sisi tukimfuata kwa mstari, mpaka mahali ambapo majani makavu hayakuwepo. Palikuwa pamepaliliwa, na udongo ulikuwa na alama za ufagio za asubuhi ile.